Mwanafunzi Mtafiti Akibisha Hodi Mutuini: Majibu Yako Yanakwenda Wapi?

Kijana mwenye daftari na kitambulisho cha chuo kikuu anapobisha hodi Mutuini na kuomba saa moja ya mazungumzo, mwenye nyumba huuliza ni ya nini. Jibu analopewa mara nyingi ni fupi mno: "Ni ya shule tu." Ni kweli ni ya shule, lakini hayaishii shuleni. Maelezo kuhusu shamba lililogawanywa, mahari inayolipwa kidogo kidogo, au mgonjwa aliyepelekwa kwanza kwa mganga kabla ya kufikishwa Hospitali ya Mutuini, yanaweza kusomwa baada ya mwaka mmoja au miwili mbele ya wasomi kutoka Kampala, Dodoma, Kigali na Addis Ababa katika kongamano la kanda. Kisha huwekwa mtandaoni, ambako yeyote anaweza kuyasoma.

Makala haya yanaeleza jinsi maelezo hayo yanavyosafiri, na ni wapi njiani mkazi ana haki ya kuuliza, kukataa au kudai.

Taaluma inayouliza mambo ya nyumbani

Anthropolojia ni taaluma ya kumchunguza binadamu: asili yake, mila zake, lugha yake na jinsi anavyoishi na wenzake. Nchini Kenya tawi linalojulikana zaidi ni lile la mifupa na zana za kale, kwa sababu ya ugunduzi wa Olorgesailie na Turkana. Nairobi yenyewe ilikuwa mwenyeji wa kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu mambo hayo Januari 1947, lililoandaliwa na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete.

Wanafunzi wanaofika mitaani, hata hivyo, wengi wao ni wa tawi la utamaduni na jamii. Hawaji kuchimba, wanakuja kuketi. Huangalia nani huzungumza kwanza kwenye kikao cha familia, nani hupewa chai na nani huipika, kodi ya nyumba huletwa kwa nani ikiwa mwenye ploti amefariki. Mtafiti wa aina hii anaweza kurudi katika nyumba ileile mara kumi, na mara nyingi jambo analolihitaji husemwa mara ya tisa, wakati kalamu imewekwa chini. Hapo ndipo anapotofautiana na karani wa sensa. Karani huondoka na hesabu. Mwanaanthropolojia huondoka na habari za watu, na habari hizo zina wenyewe.

Mutuini, mojawapo ya wadi za Dagoretti Kusini, inavutia utafiti wa namna hii kwa sababu inayoeleweka. Kabla ya uhuru eneo la Dagoretti lilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu upande wa Kiambu; liliingizwa jijini mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963. Kwa hiyo mjini kukawa na mashamba ya ukoo, yenye warithi, makaburi ya wazee na mipaka ambayo majirani huijua bila kuangalia ramani. Leo majani ya ng'ombe yanaota kando ya vyumba vya mabati vya kupangisha, na mtu anayeishi katika shamba la babu yake huchota maji uani pamoja na wapangaji waliozaliwa kaunti nyingine kabisa. Ng'ambo ya hapo ni Karen, na viwanja vyake vikubwa. Mwanafunzi anayetaka kujua nini huupata urithi wa ardhi mji unapoukuta mlangoni hahitaji kwenda mbali.

Msomaji wa mita aliyekuwa mwanafunzi

Dagoretti ina uhusiano wa zamani na taaluma hii ambao wakazi wengi hawaujui. Katika miaka ya 1920 Manispaa ya Nairobi ilikuwa na mfanyakazi aliyeshika kazi ya karani wa stoo na kusoma mita za maji. Alijenga nyumba Dagoretti, akaitumia pia kuwekea bidhaa za kuwauzia majirani, akaiita Kinyata Stores. Mfanyakazi huyo ni Jomo Kenyatta.

Mwaka 1935 Kenyatta alianza masomo ya anthropolojia katika London School of Economics, chini ya Bronislaw Malinowski, msomi mzaliwa wa Poland aliyekuwa na sifa ya darasa la mjadala lisilo na huruma. Mwanafunzi alileta alichokiandika, na wenzake pamoja na wageni wakakikosoa mbele yake. Kutokana na kazi ya miaka hiyo kilitoka kitabu Facing Mount Kenya, mwaka 1938, ambacho sura yake ya ardhi inaeleza kwa undani kwamba mashamba ya Wakikuyu yalikuwa na wenyewe wanaojulikana kwa familia na kwa mpaka. Wakati ule hilo halikuwa jambo la darasani tu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imechukua ardhi nyingi ya Kiambu kwa hoja kwamba ilikuwa tupu au haikuwa na mwenye haki kamili. Mwanafunzi aliyeweza kusimama London na kueleza mpaka wa shamba ulivyowekwa alikuwa akibishana na serikali.

Kitabu hicho kina upungufu wake. Wasomi wa baadaye wamekikosoa kwa kuichora jamii kana kwamba haikuwa na ugomvi wa ndani, na sauti za wanawake na wasio na ardhi hazisikiki sana. Lakini kilionyesha jambo moja waziwazi: anayeandika kuhusu shamba anaweza kusaidia kulilinda au kusaidia lipotee.

Upo mfano wa pili, kutoka maeneo haya haya. Leakey huyo wa Kabete alikusanya maelezo marefu ya wazee wa Kikuyu kati ya mwaka 1937 na 1939, kwa kina ambacho hakijapitwa. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1977, miaka mitano baada ya kifo chake, ikiwa vitabu vitatu vinene vya Kiingereza. Wazee waliokuwa na mvi mwaka 1937 ni vigumu kudhani walikiona kilichoandikwa kwa maneno yao.

Leseni kwanza, mazungumzo baadaye

Siku hizi mtafiti hawezi kuingia mtaani hivi hivi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 inataka utafiti ufanywe kwa leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, inayojulikana kwa ufupi kama NACOSTI. Kabla ya hapo, kamati ya maadili ya utafiti hukagua mpango wa mwanafunzi: ataongea na nani, atauliza nini, na madhara gani yanaweza kumpata anayejibu.

Leseni hiyo ina jina la mtafiti, mada, kaunti anakoruhusiwa kufanya kazi, na tarehe ya mwisho. Ina pia msimbo wa mraba ambao mkazi anaweza kuusoma kwa kamera ya simu kuhakikisha kwamba si ya kughushi. Masharti yake yanamtaka mwenye leseni kumwarifu Kamishna wa Kaunti, Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na Gavana kabla ya kuanza. Haiwezi kupewa mtu mwingine aitumie. Kurekodi filamu, kuchimba na kuchukua sampuli huhitaji idhini za ziada. Barua ya chuo ni ya kumtambulisha mwanafunzi. Haichukui nafasi ya leseni.

Kuomba kuona karatasi hizi si utovu wa adabu. Mwanafunzi aliyefunzwa vyema huzitoa kabla hajaombwa, na asiye nazo aombwe kurudi akiwa nazo.

Baada ya leseni inakuja ridhaa, na hapa ndipo mambo mengi huchanganywa. Kukubali kuzungumza ni jambo moja, kukubali kurekodiwa sauti ni jambo la pili, kukubali kupigwa picha ni la tatu. Mkazi anaweza kukubali la kwanza na kukataa mengine. Anaweza kuruka swali asilolipenda, au kusimamisha mazungumzo katikati bila kutoa sababu. Mtoto haulizwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Nauli au fidia ya muda, kama ipo, ni ya kumrudishia mkazi alichopoteza, wala haimfungi kutoa jibu fulani.

Lipo pia suala la maarifa ambayo si ya mtu mmoja: dawa za miti, nyimbo za sherehe, mapishi ya jamii. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016 inatambua kwamba mali hiyo ni ya jamii, inataka ridhaa ya jamii ipatikane kabla ya kutumiwa, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuisajili. Mganga wa miti shamba anayeulizwa kuhusu mchanganyiko aliourithi ana haki ya kujua kama jibu lake litachapishwa, na nani atafaidika nalo.

Dakika kumi na tano ukumbini

Mwanafunzi akimaliza kukusanya maelezo huandika tasnifu. Kutoka humo huchota sehemu moja na kutuma ikisiri, kwa kawaida maneno 250 au 300, kwa waandaaji wa kongamano. Ikikubaliwa, hupangwa katika jopo pamoja na wengine watatu au wanne wenye mada zinazokaribiana, na hupewa dakika 15 au 20. Miezi ya kuketi Mutuini inakuwa robo saa na slaidi kumi.

Utaratibu huu una historia ndefu katika ukanda wetu. Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Makerere mwaka 1948 na kuongozwa katika miaka yake ya mwanzo na Audrey Richards, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa Malinowski, ilikuwa na mikutano ambapo watafiti waliotoka nyanjani walisomeana matokeo. Katika miaka ya 1960 vyuo vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilipokezana kuandaa kongamano la sayansi za jamii. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata Taasisi ya Masomo ya Afrika mwaka 1970, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa mwanahistoria Bethwell Ogot. Idara ya anthropolojia ya leo imetokana na taasisi hiyo. Wanaanthropolojia wa bara zima walianzisha chama chao Yaoundé, Kamerun, mwaka 1989.

Kwa nini mwanafunzi asafiri mbali hivyo kuyasema ya Mutuini? Kwa sababu wenyeji wa mahali pengine huuliza maswali ambayo wa hapa hawayafikirii. Chukua neno muhoi. Kwa desturi ya Kikuyu, muhoi alikuwa mtu aliyepewa sehemu ya kulima katika shamba la ukoo mwingine kwa urafiki na kuombana, bila kulipa kodi na bila kuwa mwenye ardhi. Mwanafunzi akiharakisha na kulitafsiri "mpangaji", ukumbi mzima utaelewa vibaya, maana mpangaji wa chumba cha mabati na muhoi wa zamani wana uhusiano tofauti kabisa na mwenye ardhi. Msikilizaji kutoka Kampala atauliza mara moja kama muhoi anafanana na mwenye kibanja, ambaye huko Buganda hukaa kwenye ardhi ya mailo ya mtu mwingine lakini ana haki zinazotambuliwa na sheria. Wa kutoka Moshi ataleta habari ya kihamba, shamba la migomba la familia ya Kichagga, ambapo kwa desturi mtoto wa kwanza na wa mwisho wa kiume ndio hutangulizwa katika urithi. Halafu atauliza: na Mutuini, kitinda mimba hupata nini? Na binti asiyeolewa je?

Swali la binti ndilo zito. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila zinazohusu ardhi. Jinsi familia inavyolitekeleza hilo kwenye robo ekari yenye warithi saba haimo katika daftari lolote la serikali. Maafisa wa ardhi na wapatanishi wa migogoro huhitaji kujua familia zinafanyaje hasa, na utafiti wa mwanafunzi, ukiwa mzuri, ni mojawapo ya njia chache za kulijua.

Maneno ya kuwaelezea watu nayo yana uzito. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda aliyefanya kazi katika Taasisi hiyo ya Nairobi miaka ya 1970, alisomea anthropolojia Oxford. Huko aliwapinga walimu wake kwa kuwaita Waafrika watu wa kishenzi, na aliendelea kulipinga hilo katika maandishi yake. Neno hilo limetoka midomoni mwa wasomi, lakini mengine yamebaki. Mtaa wenye shule, makanisa, vyama vya akiba na hospitali unaweza bado kuonyeshwa kwenye slaidi kwa picha moja ya mtaro wa maji machafu.

Jina la kubuni halitoshi

Watafiti huahidi kutotaja majina, na wengi hutimiza. Tatizo ni kwamba katika mahali ambapo watu wanajuana, jina si kitambulisho pekee. Tasnifu ikisema "mjane mwenye bucha karibu na kituo cha matatu, aliyeshtakiwa na shemeji zake kuhusu shamba", hata kama imempa jina la kubuni, Mutuini nzima inamjua. Profesa wa Addis Ababa hamjui, lakini si yeye atakayekutana na shemeji zake kanisani Jumapili. Mtafiti makini hubadilisha na vitu vingine: biashara, idadi ya watoto, mwaka wa tukio. Mkazi anaweza kuuliza hilo kabla ya kuanza kusimulia: nitafichwaje, mbali na jina?

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 iko upande wa mkazi katika jambo hili. Inahesabu kuwa data nyeti si habari za afya peke yake, bali pia habari za mali, hali ya ndoa, na za familia, yakiwemo majina ya watoto, wazazi na mume au mke. Hayo ndiyo hasa ambayo utafiti wa anthropolojia huyauliza. Matokeo ya utafiti hayapaswi kuchapishwa kwa namna inayomtambulisha mtu, na ridhaa iliyotolewa inaweza kuondolewa wakati wowote. Ila kuiondoa hakuwezi kufuta kilichokwisha kuchapishwa, kwa hiyo ni vyema mkazi kuamua mapema, na kuweka nambari ya simu ya mtafiti na ya msimamizi wake chuoni.

Yupo pia mtu ambaye fomu za ridhaa humsahau: kijana wa mtaani anayeajiriwa kumtembeza mtafiti, kutafsiri Kikuyu na Sheng, na kubisha hodi kwa niaba yake. Yeye husikia kila kitu, na kazi ikiisha hubaki hapa hapa. Siri nyingi huvuja njia hiyo kuliko kwenye ukumbi wa kongamano. Mkazi anaweza kuomba msaidizi huyo asiwepo kwenye mazungumzo fulani, au kwamba naye aape kutunza siri.

Kurudisha kilichochukuliwa

Wasan wa Afrika Kusini, ambao wamechunguzwa na watafiti wa dunia nzima kwa zaidi ya karne, walitangaza mwaka 2017 kanuni zao wenyewe za maadili kwa yeyote anayetaka kuja kuwatafiti. Miongoni mwa madai yao ni kwamba mtafiti aseme ukweli kwa lugha inayoeleweka, na arudi kuwaeleza alichokipata. Hakuna kinachoizuia jumuiya ya Mutuini kuomba hilo hilo.

Kwa mwanafunzi, kurudi si gharama kubwa. Kurasa mbili za Kiswahili zenye matokeo zinaweza kuachwa kwa msimamizi wa wadi, kwa chifu, au kwenye maktaba ya shule. Robo saa aliyoipata ukumbini anaweza kuirudia katika baraza la chifu au mkutano wa chama, ambako wasikilizaji wanaijua mada kuliko jopo lolote na watamsahihisha bila kumwonea haya. Afadhali pia afanye hivyo kabla ya kongamano, makosa yangali yanaweza kurekebishwa.

Mkazi anayetaka kuitafuta kazi yenyewe ana pa kuanzia. Masharti ya leseni yanamtaka mtafiti kuwasilisha ripoti ya mwisho kwa NACOSTI ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza. Tasnifu nyingi za Chuo Kikuu cha Nairobi huwekwa kwenye hazina ya kidijitali ya chuo hicho, ambako husomwa bila malipo. Kutafuta kwa neno "Dagoretti" hutoa kazi za idara mbalimbali.

Na kama mambo yameharibika? Malalamiko kuhusu mwenendo wa mtafiti hupelekwa kwanza kwa kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti, ambayo jina na anwani yake hupaswa kuwa kwenye fomu ya ridhaa. Ndiyo maana mkazi hubakiziwa nakala ya fomu hiyo. Yanayohusu leseni huelekezwa NACOSTI, ambayo ofisi zake ziko Upper Kabete. Habari za mtu zikichapishwa au kusambazwa kwa namna inayomtambulisha, anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ambayo sheria inaitaka kuchunguza na kumaliza lalamiko ndani ya siku 90.